Jibu la Aliyelala

1

Bwana Tluway aliingia wodini na machungwa kwenye mfuko na kioo mkononi. Machungwa aliyaweka juu ya kabati la mgonjwa. Kioo hakukiweka.

"Jicho linaendeleaje, kaka Njiku?"

"Linakuona," Njiku alisema.

Maneno yalimtoka kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umelala tangu siku mkono wa breki ya mbawa ulipofyatuka juu ya mnara wa upepo, ukampiga nyuma ya sikio na kukata mshipa wa fahamu unaouendesha uso. Shavu lilining'inia. Chai ilivuja kwenye kona ya mdomo. Hayo alianza kuyazoea. Jicho hakulizoea. Jicho la kulia halikufumba, mchana wala usiku, na upepo wa Singida ulilifikia hata humu ndani, ukipitisha vumbi lake kwenye nyufa za madirisha. Lilikuwa jekundu, kavu, na liliwaka kama mtu amelipaka pilipili.

Tluway alivuta kiti. Alikuwa Afisa Ridhaa wa Pepo Kuu, kampuni iliyoajiri nusu ya mji na kujenga hospitali hii hii. Kazi yake ilikuwa kukusanya majibu ya watu.

"Tujaribu tena," alisema. "Swali ni lile lile."

Alikiinua kioo mbele ya uso wa Njiku. Kilikuwa cheusi, ukubwa wa kiganja. Mstari wa buluu ukapita juu yake, na sauti laini ya kike ikasoma:

"Kundi la mnara wa Mlimani linakubali kwamba marehemu Gidion Hango aliachia breki kwa uzembe wake mwenyewe, na kwamba breki za kampuni hazina kasoro. Fumba kukubali. Konyeza kukataa."

Njiku alilikaza jicho la kushoto likafunga. La kulia lilibaki wazi, mboni imepanda juu na kuacha weupe mtupu.

"Umekonyeza," kioo kikasema. "Umekataa. Asante."

"Umesikia mwenyewe," Njiku alisema.

"Nimelisikia jicho bovu. Wewe sijakusikia." Tluway alianza kumenya chungwa, taratibu, ganda likitoka zima. "Ningekuuliza kama unataka uji, ungekataa. Ningekuuliza kama jina lako ni Njiku Mwiru, ungekataa. Kuna kijana mmoja pale benki alimkonyeza msichana wa kaunta, kioo kikiwa wazi, akawa ameukataa mkopo wake mwenyewe. Angalau yeye alicheka."

"Nami nacheka. Ni upande wa pili tu hauonyeshi."

Tluway alitabasamu kweli, kisha akaacha. "Baraza la Ridhaa limeshatoa msimamo. Mtu mwenye uwezo wa kutoa jibu moja tu hahesabiwi kuwa na jibu. Ukifika kwenye kikao bila kope inayofumba, watakuandika kama mtu asiye na macho. Na asiye na macho husimamiwa."

"Na nani?"

"Akiwa ameumia kazini, na mwajiri wake. Huyo ndiye humjibia."

Njiku alimtazama. Lile jicho la kulia lilimfanya atazame watu kuliko alivyotaka, na wengi walishindwa kustahimili. Tluway alistahimili.

"Kampuni itakuwekea uzi," alisema. "Ule mpya kabisa. Utafumba, utalala, jicho litapona. Hakuna anayekulazimisha kukubali lolote. Pona kwanza, mdogo wangu. Halafu utajibu unachotaka."

Alimwachia chungwa lililomenywa juu ya kitambaa safi, akaondoka.

Wenzake Njiku katika kundi walikwisha fumba wote. Mmoja alikuwa na mke anayekaribia kujifungua. Mwingine alisema breki ni chuma, na chuma hakiwezi kumshukuru. Mkataba wa kundi ulitaka jibu la kila mmoja, na lililobaki lilikuwa moja tu. Likikamilika, uchunguzi ungefungwa, na kila asubuhi vijana wangeendelea kupanda minara ya Mlimani wakitegemea breki zile zile.

Hata Hango alihesabiwa kuwa alikubali. Hango, ambaye alianguka kutoka juu na hakusema neno tena.

2

"Sitakuficha," alisema Daktari Zuhura Mghenyi. Alikuwa ameinama juu yake na taa ndogo, uso wake karibu kiasi kwamba Njiku alisikia harufu ya karafuu kwenye pumzi yake. "Ngozi angavu ya mbele ya jicho imeanza kupata kidonda. Jicho huishi kwa machozi, na machozi husambazwa na kope. Kope isipofagia, jicho linakauka. Likikauka linapasuka, vijidudu vinaingia. Matone na plasta tulizokuwa tunakuwekea hazitoshi tena."

"Nina muda gani?"

"Mfupi kuliko ule wa Baraza."

Alizima taa, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake.

"Uzi ni nini hasa?" Njiku aliuliza.

"Ni msuli wa kutengeneza. Mwembamba kama unywele. Nauingiza chini ya ngozi ya kope ya juu, kutoka kona hadi kona. Kwenye kope yako ya kushoto, iliyo nzima, naweka kijipokezi kidogo. Jicho zima likifumba, kijipokezi kinaupa uzi habari, uzi unajikunja, kope mbovu inashuka. Kwa pamoja kabisa. Mtu akikuangalia hatajua."

"Kwa pamoja."

"Ndiyo."

"Kila mara?"

"Kila mara. Ndio uzuri wake."

Nje, mbawa za minara zilikuwa zikikata upepo kwa ule mvumo wake usiokoma, ambao watu wa mjini waliacha kuusikia zamani.

"Daktari. Nikitaka kukonyeza?"

Njiku aliona kitu kikipita usoni mwa Daktari.

"Nimewawekea uzi watu wengi," alisema hatimaye. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote walitaka kulala tu."

"Nakuuliza mimi."

"Hutakonyeza tena. Ukifumba moja, umefumba yote mawili."

"Basi leo siwezi kukubali, na kesho sitaweza kukataa." Alijiinua kwa kiwiko. "Wamesema mwenye jibu moja hana jibu. Huyo mwenye uzi ana majibu mangapi?"

"Uzi umesajiliwa kuwa kope kamili. Baraza likiona cheti halikupimi zaidi. Nadhani waliousajili hawakujaribu kukonyeza." Alizungusha taa mikononi. "Au walijaribu."

Enzi ya babu zao mtu aliweza kusema hapana kwa mdomo, au kwa kalamu. Kisha mashine zikajifunza sauti ya kila mtu na mwandiko wa kila mtu, na watu wakajikuta wameuza mashamba wakiwa wamelala. Kope pekee ndiyo iliyobaki bila kuigwa, kwa sababu kila mtu hufumba kwa mtetemo wake. Kwa hiyo nchi ikaweka hapana yake kwenye kope, na hakuna aliyemfikiria mtu aliyepooza uso.

"Ukinishona?" Njiku aliuliza. "Kope ya juu na ya chini, sindano na uzi wa kawaida."

"Jicho litapona. Lakini jicho lililoshonwa halihesabiki. Utasimamiwa."

"Kuna nini kingine?"

Daktari alitazama mlangoni kabla ya kujibu. "Kuna dhahabu. Zamani, kabla ya nyuzi, tulikuwa tunaweka kipande kidogo cha dhahabu ndani ya kope ya juu. Msuli unaoinua kope haukupooza, ule una mshipa wake mwingine. Ukiulegeza, dhahabu inaivuta kope chini kwa uzito wake. Basi. Haina umeme, haina kijipokezi. Mwalimu wangu alinifundisha, nikafanya mara chache nikiwa mwanafunzi."

"Haihitaji cheti?"

"Sheria inataka cheti cha mashine. Dhahabu si mashine. Inaanguka tu."

"Na nitakonyeza?"

"Sijui, Njiku. Misuli inayoinua kope mbili huamrishwa pamoja. Ukilegeza moja, na nyingine hulegea. Huenda dhahabu nayo ikafuata, kama uzi. Na kidonda chako hakitavumilia visu viwili. Tukiweka dhahabu, uzi hauwekwi tena mwaka huu, na mimi nitakuwa nimekataa maagizo ya waliojenga jengo hili." Alimtazama machoni, akianza na lile bovu. "Kama ni kulala usingizi mzuri unakotaka, chagua uzi. Nitakuwekea vizuri na sitakulaumu. Ningekuwa wewe sijui ningefanya nini."

Njiku alifikiri juu ya kulala. Usingizi wa kweli, giza la kweli. Alilitamani giza kama mtu mwenye kiu. Halafu akafikiri juu ya waya mwembamba ndani ya uso wake, uliotengenezwa na watu wasiomjua, ukingoja afumbe ili uwaambie amekubali.

"Uzi unamsikiliza mtu," alisema. "Dhahabu haimsikilizi yeyote. Niwekee dhahabu."

3

Hospitali haikuwa na dhahabu. Mama Hango alikuwa nayo.

Alikuja mchana, akiwa bado na kitambaa cheusi cha msiba kichwani, akafungua fundo la khanga na kutoa bangili nyembamba iliyochakaa.

"Baba yake Gidion aliichimba mwenyewe, kwenye machimbo ya Sekenke, kabla hatujaoana," alisema. "Daktari anasema sonara ataiyeyusha aitoe takataka zote, ibaki dhahabu tupu. Kipande kidogo tu kinatosha, kama punje ya mchele. Kwa kinachobaki nitamwekea mwanangu jiwe la kaburi."

"Mama, siwezi kuichukua hii."

"Unaweza. Nyamaza." Aliketi, akaitazama mikono yake. "Mwanangu, siku ile ulikuwa umelala pembeni ya Gidion. Uliona?"

Njiku alijua anauliza nini. Aliona. Hakuweza kuacha kuona. Wenzake walimshusha wakamlaza chini ya mnara, bega kwa bega na Hango, na mtu wa gari la wagonjwa akakiweka kioo wazi juu ya kifua cha Hango, kama wanavyomwekea kila majeruhi ili akubali kutibiwa. Mama Hango alikuwa akiuza chakula pale getini. Alikuja mbio bila viatu. Akapiga magoti, akaona macho ya mwanawe yanatazama jua, akafanya anachofanya kila mama: akapitisha kiganja, taratibu, akayafumba.

Na kioo, kwa sauti yake laini, kikasema: Umekubali. Asante.

Kufikia jioni, swali lililoandikwa kwenye jibu hilo lilikuwa lingine.

"Niliona, Mama."

"Mkono huu ndio uliokubali," alisema. "Walipokuja kunieleza, nikawaambia, jamani, maiti hufumbwa. Hata Mzungu hufumbwa. Yule Tluway akaniambia, Mama, pole sana, lakini sheria inasema kioo hukifuata kichwa cha mgonjwa popote kilipo, na jibu lake ni jibu, asimame au alale. Akaniletea machungwa."

"Na mimi aliniletea."

"Uliyala?"

"Nililila moja."

"Mimi yangu nilimlisha mbuzi," alisema Mama Hango, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, pembe ya mdomo wake ikainuka kidogo.

4

Njiku alipasuliwa akiwa macho. Ganzi iliiua kope, lakini si masikio. Alisikia mkasi, alimsikia Daktari akipumua kwa pua, akihesabu kitu chini chini. Kabla ya hapo alikuwa amemketisha na kumbandikia vipande vya majaribio juu ya ngozi ya kope, kimoja baada ya kingine, mpaka akapata uzito unaoshusha bila kulemea. Sasa alikata mstari mdogo pale kope inapojikunja, akafungua mfuko juu ya gegedu yake, ule mfupa laini wa ndani ya kope, akakilaza kile kipande cha bangili na kukishonea pale pale kwa vitundu vyake vitatu.

Siku uvimbe ulipopungua, alimketisha kwenye kiti mbele ya dirisha.

"Fumba."

Njiku alifumba. Giza likaja. Giza lote. Alikuwa amelisahau, lilimwingia kama maji ya baridi kooni, na alikaa humo bila kutaka kutoka.

"Fungua," Daktari alisema, na sauti yake ilikuwa nzito. "Sawa. Sasa konyeza. Funga la kushoto peke yake."

Alijaribu. Kope zote mbili zilishuka.

Alijaribu tena. Aliinua nyusi moja iliyokuwa hai, alitazama dari, alitazama sakafu, alishika kingo za kiti hadi vidole vikauma. Kila mara, kushoto kulipofunga, dhahabu ilifuata, kwa uzembe kidogo, lakini ilifuata. Walifanya hivyo asubuhi nzima. Mchana Daktari alisema basi, inatosha, na hakumtazama.

"Ni kosa langu," alisema. "Nilikuambia huenda. Nilitumaini tu."

Njiku alikuwa ametoa kope yake ikatwe, bangili ya mama wa watu, na pengine kazi ya mwanamke huyu, ili apate kitu kile kile ambacho kampuni ilitaka kumpa bure.

"Lala nikupake mafuta ya jicho," Daktari alisema.

Alilala chali. Akamfungulia kope, akapaka, akasema, kwa mazoea tu, "Fumba."

Alifumba. Daktari aliinama karibu zaidi.

"Nini?" Njiku aliuliza.

"Hili nalo nililisahau," Daktari alisema, kama mtu aliyechoka kupigwa. "Dhahabu hushusha kope ukiwa umekaa au umesimama. Ukilala, uzito unaelekea nyuma, ndani ya tundu la jicho, na kope inavutwa juu. Utakuwa unahitaji plasta kila unapolala. Mwalimu wangu alikuwa akilalamikia jambo hili kila..."

Aliacha. Njiku alikuwa akimtazama kwa jicho la kulia, lililo wazi. La kushoto lilikuwa limefungwa kabisa.

"Daktari," alisema. "Hivi nilivyo sasa ninafanya nini?"

Mikono mikubwa ya Zuhura Mghenyi ilishuka taratibu mapajani mwake.

"Unakonyeza," alisema.

5

Ukumbi wa Baraza ulijaa. Mafundi wa minara walisimama nyuma na kofia zao ngumu mikononi, na mbele yao aliketi Mama Hango. Mwenyekiti, Bi Irema, alikuwa na miwani ya kusomea aliyokuwa akiitazamia kwa juu. Kioo kikubwa kilikuwa ukutani nyuma yake. Kile cha mkono alikuwa nacho Tluway.

"Njiku Mwiru, una kope ya namna gani?"

"Yangu mwenyewe, Bi Mwenyekiti. Imeongezwa uzito."

"Ni mashine?"

"Ni dhahabu," alisema Daktari kutoka kwenye benchi lake. "Haina chochote ndani."

Tluway alimtazama Daktari kwa muda mrefu, kisha akaandika kitu. Alipomgeukia Njiku alikuwa na tabasamu lile lile la wodini. Alikuwa amemwona akifumba na kufumbua pale mlangoni, yote mawili pamoja. Hilo lilimtosha.

"Swali la kipimo," alisema Bi Irema. "Jina lako ni Njiku Mwiru?"

Njiku alisimama wima mbele ya ukuta. Alifumba. Kushoto kulishuka, kulia kukafuata.

"Umekubali," kioo kikasema. "Asante."

Mnong'ono ukapita ukumbini. Fundi mmoja aliinamisha kichwa.

"Sasa swali la kundi." Sauti laini ikalisoma lote, uzembe wa marehemu, breki zisizo na kasoro. Fumba kukubali. Konyeza kukataa.

Njiku alihisi macho ya watu mgongoni. Hakuwahi kulala chini mbele ya watu tangu siku ile chini ya mnara. Baba yake aliwafundisha wanawe kwamba mwanamume hujibu akiwa amesimama, hata anapojibu vibaya. Alivua viatu, bila kujua kwa nini, akavipanga kando. Kisha akakaa chini kwenye sakafu ya saruji, akanyoosha miguu, akalala chali.

"Anaumwa?" Bi Irema aliuliza.

"Hapana, Bi Mwenyekiti. Natoa jibu langu."

Tluway alikuwa wa kwanza kuelewa.

"Bi Mwenyekiti, naomba aamriwe kusimama. Jibu la Baraza hutolewa mtu akiwa wima, mbele ya kioo. Mtu aliyelala hawezi kuhesabiwa kuwa amejibu."

Alikwisha sema kabla hajajisikia. Ukumbi mzima ulikuwa umemsikia. Mama Hango aliinuka.

"Rudia hapo, mwanangu," alisema kwa upole. "Mtu aliyelala ana nini?"

Tluway alitazama kioo kilichokuwa mkononi mwake kana kwamba kimewekwa hapo na mtu mwingine.

Bi Irema alivua miwani. "Bwana Tluway, kundi hili lina jibu moja lililochukuliwa kwa mtu aliyelala chini. Ni wewe uliyelileta. Ama yote mawili yanahesabika, ama hakuna linalohesabika. Unachagua lipi?"

Mvumo wa minara ulisikika mpaka ndani.

Tluway alitembea hadi alipolala Njiku, akapiga goti kwenye saruji na suruali yake nzuri. Kwa karibu, alionekana mtu aliyekosa usingizi, na Njiku alimjua mtu wa namna hiyo kuliko wengi. Akakiinua kioo juu ya uso wake.

"Ungekubali tu, kaka," alinong'ona. "Wangekupa mnara mfupi, usio na hatari."

Njiku alilifunga jicho la kushoto. Juu ya lile la kulia dhahabu ya Sekenke ilirudi nyuma, nzito na jinga, isiyomsikiliza yeyote, na kope ikafunguka mpaka akaona dari yote.

"Umekonyeza," kioo kikasema. "Umekataa. Asante."

Nyuma, kofia ngumu moja ilianguka sakafuni na hakuna aliyeiokota. Bi Irema alikuwa akisema maneno yake ya kisheria, kwamba uchunguzi haufungwi, kwamba minara ya Mlimani isimamishwe mpaka kila breki ikaguliwe. Njiku hakuyafuata yote. Alikuwa akisikiliza nje. Upepo ulikuwa pale pale, lakini chini yake ule mvumo wa zamani ulianza kupungua, mnara mmoja, kisha mwingine, hadi watu wakainua vichwa, kama wamekumbushwa kitu.

Jicho lilianza kuwaka. Mama Hango alikuja akapiga magoti pembeni yake, plasta ya Daktari mkononi, kiganja chake kikiwa tayari juu ya uso.

Kiganja kikasimama hewani.

"Linakauka, mwanangu," alisema. "Nikufumbe?"

"Subiri kidogo, Mama," Njiku alisema. "Kwanza Tluway azime kioo."